Maskati ya Bure

Gari lilikwisha kutoka kwenye geti la hospitali, na pale ambapo njia ya kwetu Ansab inakata kulia, mimi nikakata kushoto. Dada yangu Wadha alikuwa amekaa nyuma, mto mgongoni, plasta ya sindano bado mkononi. Alivuta buibui lake vizuri, akasogea dirishani. Aliyeshtuka ni Nakanwagi, binti wa Kiganda aliyekuwa akimuuguza, ambaye alikaa mbele na mimi akiwa na mfuko wa dawa mapajani.

"Baba Khattab, nyumbani si ni upande ule?"

"Nyumba haikimbii," nikamwambia.

"Ah, amepotea huyu!"

"Hajapotea," akasema Wadha kutoka nyuma. "Mimi nimeruhusiwa kwenda hospitali. Njia ya kurudia sikuambiwa ni ipi. Endesha, Khattab."

Tukashuka na barabara ya Qurum, bahari ikajitokeza upande wa kushoto, nyeupe kwa jua kama bati jipya, na dada yangu akaanza kuvuta pumzi kwa pua, taratibu, kama mtu anayenusa chakula cha jirani.

Wadha alikuwa edani. Mumewe, shemeji yangu Awadh, alikufa Rajab ikimalizikia, jioni ile ile ambayo watu walikuwa wakitazama juu kuutafuta mwezi wa Shaabani. Mjane wetu sisi hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura, tena mchana. Na dharura Wadha alikuwa nayo. Kabla arubaini ya Awadh haijafika alionekana na saratani, imeshamtambaa tumboni. Daktari alimwita pembeni mwanawe, Yaqdhan, akamwambia matibabu haya ni ya kupunguza maumivu tu, na mama asihesabiwe miaka. Yaqdhan alirudi chumbani na uso wa kuchekacheka. Mamake akamtazama, akamwambia, "Usijitaabishe, mwanangu. Nnajua."

Alichotaka hakikuwa kupona. Alitaka afike mwisho wa eda yake, na siku hiyo aingie baharini.

Hili lataka maelezo. Kwetu Unguja, katika ukoo wetu, mjane akimaliza eda hakuogeshwa ndani. Mama yetu alipotoka eda ya baba, nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni na dada yangu huyu huyu. Wanawake walimchukua alfajiri mpaka pwani ya Mtoni, wakamzungushia kanga, akaingia majini na nguo zake za eda, akatoka hana. Zile nguo zilichukuliwa na maji. Wadha aliniambia mara nyingi kwamba mama aliingia amejikunja kama kizee na akatoka anacheka, na kwamba hajapata kumwona mtu akibadilika vile mbele ya macho yake. Mimi sikumbuki. Nakumbuka joto la mgongo wa Wadha tu.

Basi hilo ndilo alilolitaka. Na hesabu ilikuwa baina ya maradhi na eda, kipi kitatangulia kwisha.

Mimi si mtu wa kutegemewa. Nimesoma vipande vipande: juzuu tatu Unguja, darasa la nne, halafu mambo yakaharibika tukatawanyika, Kiingereza nimekiokota majikoni mwa meli, Kireno kidogo, Kiarabu cha sokoni. Wadha alifika Maskati kijana, akasomesha shule za wasichana mpaka akastaafu, akazaa, akajenga. Mimi nilikuwa nikipita. Nalala kwake mwezi, natoweka miaka mitatu. Nilipozeeka nikatua, kwa kuwa hapakuwa na meli ya kunichukua, na kazi yangu ikawa kukaa Matrah msimu wa meli za watalii. Wanashuka asubuhi, Wajerumani, Waitaliano, wana kofia na chupa za maji, jioni wanaondoka. Mimi huwaambia wasipande basi la kulipia. Huwachukua kwa miguu. Mambo mazuri ya pwani hii ni ya bure yote, nawaambia: kornishi, ile barabara ya kando ya bahari, ni bure, ngome kwa nje ni bure, kasri unalitazama bure, milima haina geti.

"Wale wazungu," aliniambia Wadha siku moja amelala, kabla hatujaanza safari zetu, "wanakaa hapa mchana mmoja na wanaijua Maskati kuliko mimi. Mimi nnaijua njia ya shule na njia ya soko. Miaka hamsini."

"Ungesema ningekuchukua."

"Ulikuwepo?"

Sikuwepo.

Ndiyo maana nilikata kushoto.

Tulikuwa na sheria, na sheria aliiweka yeye. Hashuki garini. Kioo kinaweza kufunguliwa, kwa sababu hewa haikukatazwa. Tunakuwa nyumbani kabla ya Magharibi. Na hapana kumwambia Yaqdhan, si kwa uongo, ila kwa kutoulizwa.

Hospitali na Ansab ni mwendo mfupi. Sisi tulikuwa tunapitia Matrah. Tulikwenda kornishi, nikaliendesha gari pole pole kando ya ule ukuta mweupe, magari nyuma yakipiga honi, naye akihesabu kunguru wa baharini waliokaa kwenye vyuma. Tulikwenda Riyam, kwenye kile chetezo kikubwa kilichojengwa juu ya kilima. Akakitazama sana.

"Chetezo chote hicho na hakina udi," akasema. "Kama mimi."

Siku nyengine nilimpeleka Maskati ya zamani, mbele ya kasri, ule uwanja wa marumaru ambao watalii hupiga picha wakiwa wamekunja macho. Nikamwonyesha majabali ya bandarini, mahali mabaharia wa zamani waliandika majina ya meli zao kwa rangi. Aliniuliza kama meli zangu zimo. Nikamwambia mimi nilikuwa jikoni, wa jikoni hawapewi brashi.

Nakanwagi kwanza aliogopa. Alikuwa na miaka miwili Maskati na njia alizozijua ni za gari la mabosi, kiti cha nyuma, watoto mapajani. Bahari, alituambia, aliiona kwa ndege siku anakuja.

"Kwetu Masaka tuna ziwa," akasema. "Kubwa hivi hivi. Lakini lile unaweza kunywa."

"Sasa hili la nini?" Wadha akamtania. "Kuuguzia wazee?"

Baadaye yeye ndiye aliyekuwa mkorofi kuliko sote. Siku ile ya Qurum, joto limeanza kupanda, ufuko mtupu, tuliegesha karibu na mchanga kiasi kwamba mawimbi tukiyasikia ndani ya gari. Wadha alikuwa ametapika asubuhi, midomo imemkauka. Nakanwagi akamgeukia.

"Mama, shuka kidogo tu. Hakuna mtu anatuona."

"Anayeona anaona."

"Basi miguu tu. Miguu nayo iko edani?"

Wadha akacheka mpaka akakohoa, nikadhani atakatika. Nakanwagi akachukua kikombe cha chupa ya chai, akakimbia na viatu vyake mkononi, akarudi nacho kimejaa, sketi imelowa mpaka magotini. Akakileta dirishani kwa mikono miwili.

Dada yangu akakitazama. Mchanga ulikuwa ukizunguka chini ya maji yale. Nilimwona akinyanyua kidole, kisha akakirudisha.

"Nirudishie maji haya kwao," akasema kwa upole. "Nikiionja sasa, nitakuwa nimeiba. Mimi nnataka niingie kwa haki yangu."

Nakanwagi akaenda akakimwaga. Alikwenda mpaka majini kabisa, hakukimwaga mchangani.

Mtu akatuona, bila shaka. Maskati ni kubwa, lakini Wazanzibari wa Maskati ni nyumba moja yenye vyumba vingi. Jioni moja tumerudi, Yaqdhan alikuwa amesimama ukumbini na kanzu yake ya kazini, hajavua hata viatu. Alingoja mpaka mamake alipolazwa, akafunga mlango.

"Mjomba, mama yangu alikuwa wapi leo?"

"Hospitali."

"Na baadaye?"

"Kwenye gari."

"Mjomba, usinifanyie hivyo. Mke wa rafiki yangu kaliona gari pwani ya Bustani. Mjane wa Awadh anatembezwa pwani, kaburini kwa mumewe hata nyasi hazijaota. Watu watasema nini?"

"Watasema kaiona bahari."

Alikaa kitini, akashika kichwa. Yaqdhan ni mtu mzuri. Hili nataka lieleweke. Ni mkurugenzi wizarani, watu wengi chini yake, na usiku alikuwa akilala sakafuni chumbani kwa mamake akisikiliza pumzi. Aliponyanyua uso macho yalikuwa mekundu.

"Unadhani mimi sitaki?" akasema. "Siku zake zikitimia, nitampeleka mwenyewe. Nimeshapanga. Pwani ya Qantab, hema la kuzungushwa pande zote, zulia mpaka majini, kiti, wanawake tu. Mazoon atamwingiza." Mazoon ndiye dada yake, mfamasia. "Nimeweka kwenye simu tarehe yenyewe. Sitaki mama afike siku ile ana neno la mtu juu yake. Nipe funguo, mjomba. Hospitali nitampeleka mimi."

Alikuwa akimlinda na mimi nilikuwa nikimlinda, na Wadha ndani amelala. Nikampa kazi hiyo. Tangu siku ile alipelekwa na kurudishwa kwa barabara kuu ya juu, kwenye gari la vioo vyeusi, baridi imefunguliwa, pande zote mawe ya Bawshar. Hakulalamika. Aliniuliza mara moja tu:

"Lini, alisema?"

Nikamtajia tarehe ya Yaqdhan.

"Haya," akasema. "Nitajitahidi."

Na alijitahidi, sijapata kuona mtu akijitahidi namna ile. Alikula asichoweza kukila. Uji vijiko viwili, akafumba macho mpaka ukakaa. Alimwambia daktari ampunguzie dawa ya usingizi asubuhi, kwa sababu mtu akilala sana husahau kuishi. Lakini maumivu yalizidi, dawa zikazidi nazo, na ikafika pahala mchana na usiku kwake vikawa kitu kimoja. Mwanamke ambaye Ramadhani zote alikuwa akitutajia tarehe ya mwezi bila ya kutazama popote, sasa alikuwa akiuliza kama ni Alkhamisi. Hesabu alimwachia mwanawe.

Idi ya mfungo tatu ikaingia na joto lake. Nyumba ilijaa asubuhi, watoto wamevaa nguo mpya, harufu ya nyama na udi sebuleni. Mlango wa Wadha tuliubana kwa taulo chini, moshi usimfikie, maana siku zake zilikuwa bado nne. Alivaa gauni lile lile la kijivu. Hakutiwa hina. Alasiri familia yote ikaenda ufukweni Qurum, kama kila Idi. Yaqdhan alisita mlangoni.

"Mama, nibaki?"

"Nenda na wanao. Mimi nna zamu yangu."

Nilibaki mimi. Nilikaa kando ya kitanda, mashine ya baridi ikinguruma. Waliporudi, mjukuu wake Khulood, mtoto wa miaka mitano, aliponyoka mikono ya mamake akampandia kitandani na miguu yake ya mchanga. Mamake akapiga kelele. Wadha akamzuia kwa mkono, mwache. Mtoto alipoondoka, mchanga ulibaki kwenye shuka, na dada yangu akawa anaukusanya kwa ncha za vidole, kidogo kidogo, kirundo, akikitandaza na kukikusanya tena, mpaka usingizi ukamchukua.

Alikufa siku ya tatu ya Idi, asubuhi, Yaqdhan akimshika mkono mmoja na Nakanwagi mwengine. Mimi nilikuwa nimetoka kununua barafu.

Wanawake wakaingia kumwosha. Sisi wanaume tulikuwa ukumbini tunangoja, mara mlango ukafunguka kidogo na Mazoon akatoka, mikono imelowa mpaka viwikoni.

"Kaka," akasema, "wanauliza juu ya manukato. Wengine wanasema maiti hana eda, wengine wanasema tusimtie kwa kuwa kafa edani. Mimi nikasema nitakuuliza wewe. Zilibaki siku ngapi?"

"Mbili," Yaqdhan akasema. "Ilikuwa kesho kutwa."

Mazoon akakubali kwa kichwa, akageuka arudi. Kisha akasimama. Nilimwona mgongo wake ukitulia.

"Umehesabu kutoka lini?"

"Kutoka alipofariki baba. Mwezi wa kwanza, tarehe thelathini."

"Mwezi wa kwanza wa nini?"

Mazoon alinyanyua mkono wake uliolowa, akaanza kukunja vidole, kama tulivyofundishwa sote na mama zetu, kwa sauti ndogo: Rajab imekwisha na baba. Shaabani. Ramadhani. Mfungo mosi. Mfungo pili. Miezi minne hiyo. Na siku kumi za mfungo tatu.

Kidole cha mwisho kikabaki hewani.

"Kaka," akasema, "siku kumi za mfungo tatu ni Idi."

Yaqdhan alitoa simu yake mfukoni. Akaitazama, akaitazama tena, kama kwamba ingeweza kubadilika. Nyumba yetu yote inaishi kwa tarehe za ofisi. Mishahara, shule, miadi ya hospitali, viza, vyote ni hizo. Mwezi wa mbinguni tunautafuta Ramadhani na Idi, halafu tunausahau huko juu. Kila mmoja wetu anajua kwamba eda huhesabiwa kwa mwezi wa mbinguni; ukituuliza tungejibu. Hakuna aliyeuliza. Wala Mazoon, wala mimi, wala wale wajane watatu waliokuwa wakija kumjulia hali na kumwambia bado kidogo, bibi, vumilia.

Siku ile tunabana mlango kwa taulo, dada yangu alikuwa ameshatoka eda, au inamtoka jua likitua. Gari lilikuwepo nje. Qurum ni robo saa.

Yaqdhan aliweka simu mezani kwa uangalifu sana, kama yai.

"Mtieni manukato," akasema. "Yote yaliyomo ndani. Mfukizeni." Halafu akatoka uani, na tulisikia bomba la maji likifunguliwa na kuachwa wazi.

Tulimzika Alasiri. Katika shughuli za maziko hakuna aliyekumbuka kuwapigia watu wa hema. Tarehe ya simu ilipofika, alfajiri, niliamka nikakuta Nakanwagi amekaa jikoni na viatu vyake miguuni.

"Baba, si ndiyo leo?"

Tukaenda. Qantab ni kijiji cha pwani baina ya majabali, na pale, peke yake, lilisimama hema jeupe jipya, limezungushwa pande tatu, upande wa bahari uko wazi. Ndani zulia jekundu lililotandikwa mpaka maji yanapofika, na kiti cha mikono. Vijana wa Kibangali walioleta vitu walikuwa wamekaa kivulini wakingoja wageni. Mmoja akaja akiuliza, kwa Kiarabu cha kazini, madam yuko wapi, madam anachelewa?

Nikamwambia madam haji. Hakuelewa. Akarudi kivulini kungoja.

Nakanwagi aliingia hemani, akapita kando ya kiti bila kukigusa, akafuata zulia mpaka likaisha. Akaendelea. Maji yakamfika magotini, kiunoni, na nguo zake za kazi zikafura pembeni yake. Alisimama hivyo muda mrefu akiwa amenipa mgongo. Mimi sikuingia. Nilikaa mchangani nje ya zulia, jua likanifikia, nikamsikia akilia kwa Kiganda, maneno nisiyoyajua, isipokuwa moja tu, mama.

Sasa ni mwaka wa pili. Yaqdhan aliomba uhamisho, yuko Nizwa, huja Ijumaa. Nyumba ya Ansab imepangishwa kwa daktari wa Kimisri na wanawe. Mazoon amezaa mtoto wa kiume, wamempa jina la babu yake. Mkataba wa Nakanwagi uliisha akarudi Masaka. Alinipigia mara moja, mvua ilikuwa ikipiga kwenye bati, sikusikia mengi. Gari lilikufa mtaa wa Ghala kwa fundi. Mimi nilikwenda Salala, nikakaa, nikaenda Sur, nikakaa, sasa nipo Matrah chumba cha kupanga, magoti hayataki tena kutembeza watalii. Awadh na Wadha wamezikwa Amerat, nyuma ya milima, makaburi mbalimbali, jiwe kichwani na jiwe miguuni. Kutoka pale bahari haionekani.